Chaja Ndefu ya Mama Albina

Mama mkwe wangu, Mama Albina wa Lundo, nimemjua tangu siku nilipomposa binti yake Vitalia, na kwa muda wote huo mtu angeniuliza sura yake ikoje ningebaki nimekodoa macho. Kisigino chake cha kushoto ningekueleza vizuri, maana nimekitazama sana. Kanga zake nazijua zote, ila kwa upande wa mgongoni. Sura sikuwa nayo. Katika ukoo wao kule ziwani, na katika ukoo wetu sisi wa Maguu vilevile, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hamgusi, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kichakani kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Mimi ni mwoga wa lawama, kwa hiyo mila hiyo niliishika kuliko walioianzisha. Niliwahi kujibanza nyuma ya choo cha ukweni mpaka mvua ikanikuta huko, kwa sababu Mama Albina alikuwa amesimama uani akipiga soga na jirani na mimi sikujua nipitie wapi. Vitalia alinikuta nimelowa chapachapa, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia naheshimu wazazi.

Simu ndiyo iliyotuokoa. Siku moja Mama Albina alipiga akimtafuta binti yake, naye alikuwa amekwenda kwenye jumuiya na kuiacha simu mezani. Nikapokea. "Shikamoo, Mama," nikasema, nimesimama wima sebuleni kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Nikadhani amekata. Halafu nikasikia:

"Marahaba. Baba Glorious, hapa hatuonani, au siyo?"

"Hatuonani, Mama."

"Basi nikuulize jambo, limenisumbua siku nyingi. Huo mluzi unaopiga ukija kuoga kwetu, ni wimbo gani?"

Hata mimi sijui. Nilicheka, naye akacheka, na tangu siku ile akawa ananipigia mimi, si binti yake. Kila jioni, akishaanua usipa wake, dagaa wa kwao ziwani, na kula, simu inaita. Vitalia alianza kuniuliza kwa kejeli kama mama yake ni wake au wangu.

Mwanamke niliyemjua kwa mgongo alikuwa na sauti ya mtu anayesali. Huyu wa kwenye simu alikuwa mwingine kabisa. Alinisimulia jinsi alivyokuwa akipanda na usipa kichwani kutoka Lundo hadi vijiji vyetu vya juu, enzi ambazo barabara ilikuwa jina tu, akilala kwa watu asiowajua na kurudi na mahindi na maharage. Alinisimulia siku mumewe alipofariki na shemeji zake wakaja kuutazama mtumbwi wa marehemu kwa macho ya kuuchukua. Hakugombana nao. Aliupindua mtumbwi pale ufukoni, akakaa juu yake na kapu la muhogo, akamenya muhogo siku nzima bila kusema neno, mpaka wakachoka wakaenda zao. Mtumbwi ule ndio uliomsomesha Vitalia ualimu. Mama Albina mwenyewe huimba sauti ya pili kanisani, na ana maoni makali kuhusu watu wa sauti ya kwanza, ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu baadhi yao ni ndugu zangu wa ndoa.

Nami nilimweleza mambo ambayo hata mke wangu sijamweleza. Nilimwambia naogopa maji, kwamba nikifika kwao huwa nanawa ufukoni nimeligeuzia ziwa mgongo ili nisilione. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia hata yeye anaogopa milima, anahisi itamwangukia. Nilimpenda mama yule. Ila simu ikizima, mimi nilibaki na kisigino.

Sasa sikiliza nilivyoharibu.

Ilikuwa masika, na mtandao wa Lundo ulikuwa unakatakata, maneno yanafika yamemegekamegeka. "Baba Glorious," akasema, "nina ombi, na si kawaida yangu kuomba. Nitafutie cha..." Ikakwaruza. "...ja. Yangu imekwisha."

"Chaja, Mama?"

"Eeh! Imeoza kabisa. Mguu mzima umeliwa na mchwa."

Nikajisemea kwamba mchwa wa ziwani si mchezo, kumbe wanakula hadi plastiki.

"Iwe ndefu," akaendelea. "Hii fupi inaniumiza mgongo kwa kuinama."

Nikakumbuka soketi ya nyumbani kwake iko chini, karibu na sakafu. Nikasema sawa, ndefu.

"Na waya wake uwe mzuri, ule wa kwenu huko usioshika kutu. Mvua hizi zinanitia hasara kweli."

"Ni radi, Mama," nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu. "Radi inaharibu sana vitu hivi."

Mtandao ukakatika. Msomaji, kama umezaliwa ziwani, pengine umeshaanza kucheka. Nakuomba usubiri.

Ili uelewe kwa nini sikujishuku hata kidogo, lazima nikueleze kazi yangu. Mimi ni mpokeaji wa kahawa katika chama cha msingi cha ushirika kijijini kwetu. Mkulima akileta gunia, mimi ndiye ninayelikagua. Nachota punje, nanusa, nauma moja kwa meno ya mbele. Jino likizama, kahawa haijakauka, inarudi ikaanikwe tena. Kisha nazamisha mkono hadi chini ya gunia, maana huko chini ndiko watu huficha mawe ili mzani useme uongo. Nimekamata mawe mengi. Nilimkamata hata baba yangu mdogo, Mzee Protasi, na jiwe zuri la mviringo ambalo baadaye mkewe alilitumia kusagia karanga. Sifa zangu zilienea. Watu walikuwa wakiniita kuwachagulia mbegu, mabati, hata mbuzi. Kichwa kikavimba, nikaamini kwamba kitu chochote nikikishika mkononi kitaniambia ukweli wake.

Vitalia alinishauri vizuri. "Baba Glorious," alisema, "siku ukishuka Mbinga mjini ingia duka la pale karibu na stendi. Wanakuchomekea unaona, na ikisumbua unairudisha." Nilimjibu kwamba duka lile linauza chaja kwa bei ya kiwanja. Mimi nilikuwa nimeona mtandaoni ukurasa uliojiita Mfalme wa Chaja, wenye picha nzuri na maneno "orijino" na "haichagui simu", na waya mrefu kuliko wote niliowahi kuuona, kwa bei ya kutupa. Chini ya picha watu walikuwa wameandika "nimepokea, asante", mmoja baada ya mwingine, wote kwa maneno yaleyale na kosa lilelile la tahajia. Nikaona ni watu wenye umoja.

Mzigo ukaja kwa basi. Nikaufungua palepale kituo cha kupokelea kahawa, mbele ya wakulima, kusudi waone. Nikaipima chaja kiganjani. Ilikuwa nzito, nzito kweli, ya kujaza mkono. "Mnaona?" nikawaambia. "Za Mbinga nyepesi kama pumba. Hii imeshiba." Nikaiuma kwa meno ya mbele, jino halikuzama. Wakulima wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikaigeuza nikasoma mgongoni. Palikuwa na alama tele. Kulikuwa na mraba ndani ya mraba, nikawaelezea kuwa ni nyumba ndani ya nyumba, maana yake umeme umefungiwa mara mbili. Kulikuwa na pipa la taka lililopigwa msalaba. Hilo nalo nikalifafanua bila kusita: chaja hii ni ya kudumu, haitatupwa kamwe.

Nyumbani niliijaribu kwa simu yangu. Baada ya muda mfupi ikawa ya moto kiasi kwamba paka alikuja kuilalia, maana Maguu wakati ule baridi ilikuwa imeshaanza kunyemelea. Vitalia akasema inanuka. Nikamjibu kwamba kitu kinachofanya kazi lazima kitoke jasho, akaniangalia kwa namna ambayo walimu huwaangalia watoto wa nyuma darasani. Nikaichomoa, nikaifunga vizuri kwenye karatasi ya zawadi.

Jioni hiyo nikampa Mama Albina taarifa. "Nimeshaipata, Mama. Ndefu, na waya wake ni wa nguvu. Naileta Pasaka."

"Ee, Mungu akubariki! Lakini utaipakiaje kwenye basi?"

"Naitia mfukoni, Mama."

Alicheka, alicheka, akamwita binti yake mdogo Bonifasia aje asikie. "Ataitia mfukoni!" Nami nikacheka kwa nguvu zote, bila kujua tunacheka nini.

Pasaka ikafika, tukashuka, Mbamba Bay kwa basi na Lundo kwa bodaboda. Zawadi ya mkwe haipitii mkononi, kwa hiyo nilimpa Bonifasia aipeleke ndani juu ya sinia, na mimi nikabaki ukumbini nimetega sikio kwenye ukuta. Nikasikia karatasi ikichanwa. Halafu ile sauti ya kusali, "Asante sana, mkwe wangu. Asante kwa... kwa chaja." Kigugumizi kile nikadhani ni furaha. Nililala usingizi wa mtu aliyetenda mema.

Asubuhi yake nilikuwa nimekaa mlango wa nyuma na chai na viazi vitamu. Vitalia alikuwa ziwani anaosha vyombo, Bonifasia yuko jikoni anakoroga uji. Mama Albina alitoka ufukoni kuchambua usipa, mikono imelowa maji, miguu peku, akaingia ndani kuchomoa simu yake iliyokuwa imechajiwa usiku kucha kwa chaja yangu. Mimi kama kawaida nikageuzia uso ukutani alipopita.

Nilisikia mlio ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu, mfupi, kama mbuzi aliyekanyagwa. Nikachungulia. Alikuwa amepiga magoti karibu na soketi. Alipovuta chaja, ganda lake lilibaki kiganjani na matumbo yake yakabaki ukutani, na vidole vyake vilikuwa vimeyashika hayo matumbo na haviachii. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka. Kanga ilikuwa inatetemeka.

Nitasema ukweli wote, hata ule unaonivua nguo. Jambo la kwanza nililofanya ni kutazama pembeni. Shingo yangu iligeuka yenyewe kwa mazoea, na mguu wangu ukarudi nyuma, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa amepiga magoti na kanga imelegea na hapakuwa mahali pangu. Mama wa watu anakufa na mimi naona haya.

"Shemeji!" Bonifasia alipiga ukelele kutoka jikoni. "Shemeji, mama!"

Swichi ilikuwa palepale juu ya soketi, nyekundu, inanitazama. Mtu mwenye akili angeizima tu. Lakini ili niifikie ningepaswa kupitisha mkono begani kwa mama mkwe, na hata wakati ule, Mungu anisamehe, mkono ulikataa. Mlangoni ulining'inia mwiko mkubwa wa shughuli, ule wa kusongea ugali wa misibani, mkavu, maana tangu Krismasi haukuwa umetumika. Nikaunyakua. Nikafumba macho kwa heshima. Nikapiga.

Kwa kuwa nilikuwa nimefumba macho, pigo la kwanza lilimpata mgongoni. La pili nikafumbua jicho moja, nikaulenga mkono, nikauchapa kwa nguvu zangu zote. Ukaachia. Matumbo ya chaja yakaruka yakaanguka sakafuni, na Mama Albina akarudi kinyumenyume akaniangukia kifuani, nami nikaanguka naye, nikakaa chini nimempakata mama mkwe wangu kama mtoto mchanga, mwiko bado mkononi.

Hivyo ndivyo majirani walivyotukuta.

Niliogopa. Sina neno la kulipamba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, amefumba macho, na nilikuwa nasema "Mama, Mama, Mama" bila kukoma, na nilijua kwamba akifa, nimemuua kwa bei ya kutupa. Halafu akavuta pumzi kama mtu anayetoka chini ya maji, akakohoa, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuvuta kanga ajifunike uso. Nikalia palepale mbele ya watu.

Tukampeleka zahanati. Vidole viliungua, mkono ulivimba mahali pa mwiko, lakini moyo ulikuwa unakwenda vizuri, wakamfunga bandeji na kumwambia apumzike. Simu yake ndiyo haikupona. Ilikuwa inanuka kama mpira uliochomwa, na kioo kimekuwa cheusi.

Tuliporudi Bonifasia alikuwa anafagia. Akaniletea kitu kwenye kibao cha kuzolea taka. "Shemeji," akaniuliza bila ubaya wowote, "hiki nacho ni cha umeme?" Kilikuwa kipande cha chuma, kidogo, kina kutu, kimebaki na gundi upande mmoja. Ndani ya ganda la chaja palionekana alama ya gundi pale kilipokuwa kimebandikwa. Hakikuunganishwa na waya wowote. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuwa kizito.

Nilikishika kiganjani. Nilikijua mara moja, maana nimekitafuta chini ya magunia ya watu kwa kipindi chote cha kazi yangu. Lilikuwa jiwe la Mzee Protasi. Mimi, Erasmo, mkamata mawe wa Maguu, nimeuziwa jiwe, nikaliuma mbele ya wakulima na kulisifia kwamba limeshiba.

"Na chaja yake ya siku zote iko wapi?" nikamwuliza Bonifasia.

"Ile pale msumarini. Nzima tu. Mama aliiondoa jana ulipoleta hii."

Sikuelewa. Kama ilikuwa nzima, aliniomba nyingine ya nini? Lakini sikuwa na nguvu ya kuuliza, kwa sababu nje wazee wa ukoo walikuwa wameshakaa kujadili nifanywe nini. Mmoja alisema kumpiga mama mkwe ni faini ya mbuzi. Mwingine akasema kumpakata ni kosa kubwa kuliko kumpiga. Wa tatu akauliza je, kama aliyepiga amefumba macho? Walijadili hilo la macho kwa muda mrefu, chai ikaletwa, mwisho wakakubaliana kwamba jambo kama hili halijawahi kutokea, kwa hiyo mwenye kuamua ni mwenyewe aliyepigwa.

Nikaanza kufunga begi. Nilipanga tuwahi gari la kesho alfajiri na nisirudi tena Lundo mpaka kizazi hiki kipite. Ndipo Bonifasia akaja. "Shemeji, mama anakuita. Yuko ufukoni. Amesema uende peke yako."

Nilikwenda kama mtu anayepelekwa kupimwa damu. Alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, mgongo kwangu, uso ziwani, mkono umefungwa bandeji nyeupe. Usipa ulikuwa umeanikwa chini mchangani, na kuku wa jirani walikuwa wanajichagulia. Nikasimama mbali. Nikatafuta kile kisigino chake cha kushoto, nikakitazama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakugeuka. "Baba Glorious, umenipiga mwiko. Umenipakata mbele ya majirani. Unadhani kimebaki nini cha kufichana? Kaa hapa."

Nikakaa ncha ya pili ya mtumbwi, tayari kukimbia. Akageuka akanitazama, nami nikamtazama. Ana kidoti chini ya jicho na mwanya katika meno ya mbele. Ni sura ya Vitalia iliyokaa juani muda mrefu. Miaka yote nilikuwa nakula chakula na sura ile mezani kwangu na sikujua.

Tukatazamana, halafu kila mmoja akaangalia pake. Mimi nikakuna goti. Yeye akarekebisha bandeji ambayo haikuwa na tatizo. Mama aliyenichambulia kwaya nzima kwenye simu alikuwa ameona haya, na mimi vilevile. Nilihisi mambo yetu yamekwisha, kwamba nimeua simu yake na pamoja nayo nimeua ile sauti, na sasa tumebaki wageni wawili juu ya mtumbwi.

Ndipo akaingiza mkono usio na bandeji kwenye fundo la kanga, akatoa ile simu iliyoungua. Akanigeuzia mgongo. Akaiweka sikioni.

"Halo?" akasema. "Baba Glorious?"

Nilikaa kidogo kabla ya kuelewa. Kisha nikatoa yangu, nikageuka upande wa milima, nikaiweka sikioni.

"Halo, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mkwe wangu. Habari za huko?"

"Za huku nzuri, Mama. Poleni na matatizo."

"Tumeshapoa. Sasa sikiliza vizuri, maana siku ile hukusikia. Mimi niliomba chanja."

"Ndiyo, Mama. Chaja."

"Chanja! Cha-nja! Ya kuanikia usipa. Ya miti na wavu wa waya. Yangu si hiyo hapo miguuni pako?"

Nikatazama chini. Mbele yangu ulikuwa umelala uchaga wa miti, mfupi, wavu wake umeliwa wote na kutu, mguu mmoja mchwa wameutafuna ukabaki unga. Nilikuwa nimeuruka nikija. Kule Maguu vitu hivyo tunavyo safu kwa safu, tunaanikia kahawa juu yake, mimi napita katikati yake kila siku ya kazi, na stoo ya chama kuna wavu mzuri usioshika kutu ambao mwanachama anauziwa. Ila sisi tunaviita meza. Tungekuwa tunaviita chanja kama wenzetu, mama huyu asingeunguzwa vidole.

"Ndefu," nikasema polepole. "Usiiname."

"Nisiiname. Na wewe ukasema unaitia mfukoni."

"Mama, mbona hukuniambia jana nilipoleta chaja?"

"Zawadi ya mkwe inarudishwaje? Nilisema nitaitumia mpaka utakapoondoka, nisikuvunje moyo, halafu nirudie ile yangu."

Niliona kwamba mimi kwa haya zangu niligeuza shingo, na yeye kwa haya zake alichomeka kitu asichokihitaji, na kwamba tulikaribia kuuana kwa adabu. Machozi yakaanza tena kunitoka, safari hii kwa wingi, nikashukuru kwamba tuko kwenye simu.

"Baba Glorious, unalia?"

"Hapana, Mama. Ni mtandao."

"Mtandao?" Nikasikia mtumbwi ukilia kidogo alipojisogeza hadi kwangu, na bega lake likagusa mgongo wangu, likakaa hapo. "Mtandao leo uko vizuri sana. Nakusikia kama uko hapahapa."